Bango la Petrus nililolikuta kwenye jalada la atlasi, na kwa nini tulilikata kwa makasi

Wakuu, salamu kwenu nyote, mnaochangia na mnaosoma kimyakimya.

Haya yametokea kwetu Umoja, Nairobi, mwaka huu. Mama yangu ndiye aliyeniruhusu kuyaandika, kwa sharti kwamba nisitie chumvi. Yuko hapa nyuma yangu anachambua ndengu, na amesema nikimaliza nimsomee kila mstari. Kwa hiyo mkiona stori haina mbwembwe, mlaumuni yeye.

Kwanza mnijue. Naitwa Mwende. Nauza vitabu vya shule vilivyotumika, kibanda changu kiko hapa hapa Umoja. Nanunua kwa magunia kutoka kwa watu wanaohama au ambao watoto wao wamemaliza shule, nasafisha, nabandika palipochanika, nauza.

Baba yangu aliitwa Kioko. Alikuwa dereva wa lori, na alikufa kwa ajali nikiwa ndio naanza kusimama dede. Sina kumbukumbu naye hata moja.

Na nyumbani hakukuwa na picha yake hata moja.

Msishangae. Enzi hizo picha ilikuwa jambo la kupanga. Wazazi wangu hawakuwa wamefunga harusi ya kanisa, walikuwa wakiishi tu pamoja mtaa wa Mbotela wakisema mwaka ujao, mwaka ujao. Picha pekee ya baba ilikuwa ile ya kitambulisho. Na waliofiwa wanajua: ukienda kuandikisha kifo, kitambulisho cha marehemu kinarudishwa kwa serikali. Mama alikitoa pale kwenye dirisha, akapewa kibali cha mazishi, akaondoka. Alipofika nje ndipo akakumbuka ile picha. Akarudi, akaambiwa ikishaingia haitoki.

Utotoni nilikuwa nikimuuliza mama, baba alifanana vipi, naye ananijibu, "Jiangalie kwenye kioo." Basi. Nilikuwa nachukia jibu hilo kuliko kuchapwa.

Sasa tuje kwa jambo lenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka kuna mama wa Mbotela aliyekuwa anahama, akaniuzia gunia la vitabu vya kale vya watoto wake. Vingi vilikuwa vya mtaala uliokufa, havina soko. Lakini ndani kulikuwa na atlasi moja kubwa, ile ya kufunguka kama mlango, iliyofunikwa kwa karatasi nene ya kaki.

Wadogo hapa pengine hamjui. Zamani mwalimu hakukubali kitabu bila jalada. Mzazi alitafuta chochote kigumu: karatasi ya kaki, kalenda ya mwaka uliopita, mfuko wa saruji uliokung'utwa. Na kama karatasi ina picha, picha inageuzwa ndani na upande mtupu unakaa nje, maana mwalimu hataki madoido. Unaandika jina, darasa, somo, umemaliza.

Mimi majalada ya zamani huwa nayatoa, vitabu vinapendeza zaidi. Nikalitoa na hili.

Ndani kulikuwa na mtu ananiangalia.

Ilikuwa chapa ya wino mweusi, ile ya kuchonga kwenye ubao kisha unapaka wino na kukandamiza karatasi. Mwanamume, kuanzia kifuani kwenda juu, shati la mistari, mashavu yameingia kidogo, kovu juu ya jicho moja. Juu ya kichwa maneno makubwa ya Kiingereza yanayosema jeshi litoke nchini kwetu. Chini ya kifua swali: Yuko wapi Petrus? Na pembeni, kwa herufi ndogo, Namibia.

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara mbili na pembe zimekatwa ili zikae vizuri kwenye kitabu. Vinginevyo ilikuwa nzima.

Kwa wasiojua, Namibia ilikaliwa na jeshi la makaburu wa Afrika Kusini kwa miaka mingi kabla ya uhuru. Watu wa kawaida, walimu, wanafunzi, akina mama wa kanisa, walilipinga kwa migomo na maandamano, wengine wakakamatwa na hawakuonekana tena. Waliokimbia walitawanyika Afrika nzima, na kila walipopata kivuli walichapisha mabango kama haya. Hata Nairobi.

Nikapiga picha, nikaweka mtandaoni kwenye kikundi kimoja cha watu wa vitu vya kale. Sikuwa na mpango wowote, nilitaka tu kujua ni nini.

Jioni hiyo kijana mmoja wa kupamba hoteli akanipigia. "Niaje siste. Hiyo ni vintage, original kabisa. Usiachie mtu, mimi nakam kuichukua, utataja bei mwenyewe."

Nikamwambia nitafikiria.

Kesho yake akaniandikia mwanamke anaitwa Selma, yuko Namibia. Aliandika ujumbe mrefu wa Kiingereza, na nikiusoma niliacha kuhudumia wateja. Petrus alikuwa kaka yake. Alikuwa mwalimu, akaongoza mgomo, askari wakamchukua, hakurudi. Nyumba yao ilichomwa pamoja na kila kilichokuwamo, picha zote zikaisha humo. Selma alikuwa mtoto mdogo, hakumbuki uso wa kaka yake. Walisikia tu kwamba wenzake walitengeneza bango lenye sura yake huko Nairobi, lakini hawakuwahi kuliona. Na mama yao bado yuko hai, amezeeka sana, jicho moja ndilo linaona.

Alikuwa anakuja Nairobi kwa mkutano wiki iliyofuata. Aliniomba kitu kimoja, nisiliuze kabla hajafika.

Nani angekataa? Nilimwambia bango ni lake, aje alichukue, sitaki hata sumuni. Wakuu, mimi najua kukaa bila picha ni nini. Nilijisikia vizuri sana siku hiyo, mpaka nikafunga kibanda mapema.

Nikafika nyumbani, nikalitandaza mezani nimwonyeshe mama.

Mama akavaa miwani. Akaangalia. Akaivua, akaifuta kwa leso, akavaa tena.

"Mwende, hii umetoa wapi?"

"Mbotela, kwenye kitabu. Ni mtu wa Namibia, anaitwa Petrus."

"Hapana," akasema. "Huyu ni babako."

Nilicheka, nisiwadanganye. Nilidhani ni uzee. Lakini mama alikuwa ameshaweka kiganja chake juu ya lile shavu la wino na hakutaka kukitoa. Halafu yeye mwenyewe akaanza kuyumba. Akasema mdomo ni wake, masikio ni yake, lakini kovu la Kioko lilikuwa juu ya jicho la kushoto, alikatwa na bati la paa. La huyu liko juu ya la kulia.

"Basi si yeye," nikasema.

"Basi si yeye," mama akajibu. Akaenda kulala bila kula.

Hapo ndipo nilipoingia taabani. Kwa upande mmoja kuna mzee wa watu Namibia ameshaambiwa uso wa mwanawe umepatikana. Kwa upande mwingine kuna mama yangu, na karatasi ni moja. Na mimi nimeshaahidi. Ahadi ni deni, na deni langu lilikuwa linakuja kwa ndege.

Asubuhi mama akanigongea mlango akiwa amevaa viatu. Akasema kama kulikuwa na mtu Mbotela wa kuchonga kitu kama kile, ni Mutuku.

Mutuku ni mchonga vinyago, alikuwa rafiki mkubwa wa baba. Baada ya mazishi mama alinipeleka Ukambani kwa nyanya, akakaa huko miaka, na aliporudi Nairobi Mutuku hakumtafuta. Siku moja walikutana sokoni, Mutuku akavuka barabara kama hajamwona. Mama aliamini jamaa ameingiwa na kiburi. Toka hapo hawakusalimiana.

Tulimkuta barazani pake, anasugua shingo ya twiga kwa msasa. Mzee mkongwe lakini mikono bado ina nguvu. Mama hakusalimia hata. Alilifungua bango mbele yake.

Mutuku akaliangalia, akaweka twiga chini.

"Mama Mwende," akasema, "hii siku nimeingojea tangu tumzike Kioko."

Nitawafupishia alichosema, maana alizunguka sana, na katikati alisimama kunitania kwamba nina paji la uso kama la lori la babangu.

Kijana mkimbizi kutoka Namibia alimjia akitaka kuchongewa bango la rafiki yake aliyechukuliwa na jeshi. Mutuku akauliza, picha iko wapi? Hakuna picha. Kijana akaanza kueleza kwa mdomo: mrefu, mwembamba, mashavu hivi na hivi. Sasa mchonga vinyago wetu hachongi maneno. Amefundishwa kwa sampuli, anawekewa kifaru mbele yake, anatoa vifaru vingine mia. Bila sampuli mkono haujui pa kwenda.

Kijana alikuwa na kitu kimoja tu cha Petrus, shati. Aliliazima kwake, akakimbilia nchi nyingine akiwa amelivaa.

Basi Mutuku akamwita Kioko, mrefu, mwembamba, wa jirani na wa bure. Akamvalisha lile shati, akamkalisha kwenye kigoda, akamchonga.

"Na kovu?" mama akauliza. "Mbona kovu umeliweka upande mwingine?"

Mutuku akajipiga paji la uso. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuchonga ubao wa kuchapa. Herufi alichorewa na yule kijana zikiwa zimegeuzwa tayari, akazifuata. Uso hakuna aliyemwambia ageuze, akauchonga kama alivyouona. Ubao ulipokandamizwa, kushoto kukawa kulia. "Kinyago hakigeuki, Mama Mwende. Mimi ningejuaje?"

Mama akakaa kwenye kile kigoda kilichokuwa karibu. Alilia kidogo, si sana. Ndipo akauliza kwa nini hakumwambia miaka yote hii.

Mutuku akasema kwamba wino haujakauka vizuri Kioko alisafiri, na safari ile ndiyo iliyomuua. Aliogopa. Alikuwa amemvalisha rafiki yake shati la mtu aliyepotea, akamweka chini ya swali la yuko wapi, na kabla mwezi haujaisha na yeye hayuko. Alijua Ukambani watu wangesema nini juu yake, kwamba amemroga. Mabango mazuri yalichukuliwa na yule kijana pamoja na shati lake. Yale yaliyoharibika pembeni Mutuku hakuweza kuyachoma wala kuyaangalia, akawagawia majirani wafunikie watoto vitabu, uso ndani.

Mama akamtazama.

"Mutuku, wewe ni mjinga. Kioko aliuawa na breki. Shati haliendeshi lori."

Mzee akalia kuliko mama.

Nikamuuliza kama ule ubao bado upo, tuchape lingine, kila mtu apate lake. Akaonyesha jikoni kwa kidole, kwa aibu. Marehemu mkewe aliukatia sukuma wiki mpaka uso ukaisha, kisha ukapasuka ukaingia jikoni kama kuni. Kwa hiyo karatasi ikabaki ile moja.

Njiani nikamwambia mama, tusimwambie Selma. Aende na bango lake, mama yake aone uso, afe akiwa na furaha. Nani ataumia tukinyamaza?

Mama akasimama katikati ya njia.

"Mimi ndiye najua kukaa bila picha. Huwezi kumpa mtu mume wangu alale naye chumbani akidhani ni mtoto wake."

Wakuu, mnaweza kubishana na hilo? Mimi sikuweza.

Selma alikuja siku iliyofuata mkutano wake. Mwanamke wa makamo, mpole, amebeba zawadi ya nyama kavu ya kwao. Mama alikuwa amepika pilau. Hatukula kwanza. Mama alisema habari ngumu haiwekwi juu ya tumbo la mgeni, itolewe mapema.

Nikamweleza yote kwa Kiingereza, polepole. Picha haikuwepo, sampuli, baba yangu, kovu.

Hakulia wala hakunitukana. Alikunja mikono, akaangalia lile bango mezani kwa muda mrefu. Halafu akasema kitu kilichoniumiza kuliko matusi. Alisema mama yake ameamka alfajiri, amevalishwa gauni la kanisani, amekaa na majirani wote mbele ya simu wakisubiri kumwona Petrus.

"Nimwambie nini sasa?" akaniuliza.

Nilitamani ningeliuzia hoteli lile bango siku ya kwanza.

Mwishowe aliamua kutosema lolote. Alipiga video call, akaigeuza simu, akaielekeza kwenye bango. Alitaka mama yake aone mwenyewe na aamue mwenyewe.

Kule ng'ambo tukaona kikongwe mdogo na gauni jeupe, anasogeza jicho lake zima karibu na kioo cha simu mpaka likajaa. Watu nyuma yake walikuwa wakiimba, wakaacha.

Akasema maneno machache. Selma akatutafsiria. "Anasema huyu si Petrus."

Mimi nikainamisha kichwa.

Lakini kikongwe alikuwa bado anaongea, sasa haraka haraka, anagonga kioo kwa kidole. Selma akamuuliza, akajibiwa, akamuuliza tena. Halafu Selma akainama juu ya meza, akaangalia kifua cha baba yangu kama ndio anakiona mara ya kwanza.

Angalieni nilichowaambia, shati la mistari. Mistari ya shati inashuka kutoka juu kwenda chini. Lakini mfuko wa kifuani, mistari yake inalala. Mimi nilikuwa nimeliangalia lile bango wiki nzima sijaona.

Ule mfuko aliushona yule kikongwe mwenyewe. Kitambaa hakikutosha, akakata kipande cha mfuko kwa ubavu. Petrus alilalamika kwamba wanafunzi watamcheka, akamwambia vaa hivyo hivyo. Akavaa. Na Mutuku, kwa kuwa hajui kuchonga kitu asichokiona, alikuwa amechonga kila mstari jinsi ulivyolala.

Kikongwe hakuwa na picha ya mwanawe. Lakini kazi ya mkono wake aliitambua kwa jicho moja, kutoka nchi ya mbali.

Akauliza, na huyu aliyelivaa ni nani?

Mama yangu akasogea mbele ya simu. Kuanzia hapo maneno yalipita lugha tatu, ya kwao, Kiingereza na Kikamba, na bado wale wawili walikuwa wanaelewana kabla sijamaliza kutafsiri.

"Ni mume wangu. Alikufa."

"Alikuwa mtu mzuri?"

"Alikuwa anakoroma. Lakini mzuri."

Kikongwe akacheka, hana jino mbele. Kisha akasema: "Mwambie asante kwa kumvalia mwanangu shati lake. Uso wake ubaki na wenyewe."

Mama aliinuka akaenda chumbani, akarudi na makasi yake ya kushonea.

Najua humu kuna watu wa vitu vya kale na mtanitukana. Mimi mwenyewe nilipiga kelele, "Mama, hiyo ni historia!" Akaniambia historia ina wenyewe na wamekaa hapa mezani. Akamuuliza Selma kwa macho. Selma akaitikia kwa kichwa, akashika karatasi upande wa pili isitetemeke.

Alikata chini ya kidevu, pole pole, akifuata ukosi wa shati.

Selma akaondoka na kifua, mfuko, na lile swali la yuko wapi Petrus. Alisema swali ni lao, bado hawajajibiwa na bado wanauliza. Sisi tukabaki na uso, na juu yake yale maneno ya kulitaka jeshi litoke nchini. Mama anasema hata kama haituhusu, haina ubaya kukaa ukutani.

Kisha tukala pilau. Ilikuwa imepoa lakini hakuna aliyelalamika.

Yule kijana wa hoteli nilipomtumia picha ya kilichobaki alijibu, "Siste, umeua kitu."

Mutuku sasa huja Jumapili baada ya kanisa. Alitengeneza fremu, kazi nzuri, akataka pia kuchonga upya uso aweke kovu mahali pake. Mama akakataa. Alimtuma alete kioo kidogo tu, akakitundika ukuta wa pili, kikiangalia picha.

Ukikaa kwenye kiti cha mama na kutazama kwenye kile kioo, kovu linarudi kushoto. Hapo ndipo anapokaa jioni. Na mimi nikipita nyuma yake na chai, ninamwona baba na ninajiona mwenyewe, tumekaribiana vichwa. Kumbe mama hakuwa ananidanganya.

Nilichojifunza si kikubwa. Ukiwa na habari inayouma, ipeleke kabla ya chakula. Na usimwamulie mtu kwamba uongo utamtosha, huenda ukweli una mfuko ambao wewe hujauona.

Sasa zamu yenu. Kama ulisoma zamani ukiishi Mbotela, au mzazi wako ana vitabu vya wakati huo vimefungiwa kwenye sanduku, tafadhali fungua majalada kabla hujavipeleka kwa wauza njugu. Angalia upande wa ndani. Ukikuta mwanamume mwembamba mwenye shati la mistari, andika hapa chini.

Mama ameshasikia yote na amepitisha. Ameongeza neno moja tu: mkilipata zima, msiguse makasi, kuna watu wa pande mbili wanalisubiri.